Wimbo wa Babu Haukuwa wa Msiba

Juzi nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo hapa Suna, mjini Migori, nimekaa kwenye benchi nikingoja abadilishe zipu ya sketi, wakati simu yake iliyokuwa juu ya cherehani ilipoanza kuimba wimbo ambao sikuwa nimeusikia ukiimbwa na watu wengine kwa miaka mingi. Ilikuwa kwaya kubwa ya huko ng'ambo, na kinanda kizito nyuma yao. Sauti zilikuwa safi, siwezi kuwasingizia. Lakini walikuwa wanauburuta. Besi walianza kana kwamba wamebeba jeneza mabegani, na ufunguo wa sauti ulikuwa umeshushwa hadi soprano hawakuhitaji hata kuinua shingo. Fundi akaniambia kwamba hizo ni nyimbo za kuomboleza, anazipenda kwa sababu zinamtuliza akishona.

Nikamwambia, "Wamekosea. Huu si wimbo wa msiba."

Akacheka. "Mama, hao ni Wazungu na wimbo ni wao. Wakosee vipi?"

"Ni wao, ndiyo. Lakini wamekosea mwendo, na ufunguo pia wamekosea."

Alinyanyua mabega tu akaendelea kukanyaga cherehani. Mimi nilirudi nyumbani na sketi yangu, na siku hiyo sikufanya tena kazi ya maana. Kwa hivyo wewe rafiki yangu ndiye utakayenisikiliza, maana najua ninachokisema, na ninajua nilikotoa ujuzi huo.

Nilikulia kwa babu, baba yake mama, upande wa Magunga, pale mashamba yanapoishia na mbuga ya Ruma kuanza. Mama alikuwa na biashara yake Migori mjini, akaniacha kwa wazazi wake hadi nilipokuwa msichana mkubwa. Asubuhi ulisikia kanga wakigombana kwenye nyasi ndefu. Siku nyingine twiga alionekana mbali bondeni, akitafuna bila haraka, na mbung'o walituuma shingoni tukienda kuchota maji. Boma letu lilizungushiwa ua wa minyaa, na ndani yake kulikuwa na nyumba mbili za wake wawili wa babu. Nyumba ya nyanya mkubwa ilitazama lango. Ya nyanya mdogo ilikuwa kando kidogo, na kati yao palikuwa na jiwe pana jeusi ambalo wote wawili walianikia muhogo, kila mmoja upande wake.

Nyanya mkubwa alikuwa mrefu na mwembamba, na sauti yake ilikuwa nyembamba vilevile, ikipanda juu bila kutetemeka. Nyanya mdogo alikuwa mfupi, mpana wa mabega. Akikuita ukiwa umempa kisogo, ungeitika ukidhani ni mwanamume. Hawakupendana, asikudanganye mtu. Waligombana kwa sababu ya kuni, ya ufagio, ya kuku wa huyu kula mtama wa yule. Kuna wakati walipitisha msimu mzima wa palizi wakitumana kwa kututumia sisi watoto: mwambie yule arudishe ungo wangu, mwambie yule ungo uko pale pale alipouacha.

Siku ya Jumapili ndiyo walinyamaza ugomvi, na ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote. Kutoka kilimani tulisikia rimu ya lori ikigongwa kuwaita watu kanisani. Majirani walipita nje ya ua wetu na viatu mkononi ili visishike vumbi kabla ya kufika. Sisi hatukwenda. Babu alitoa benchi, akaweka redio kaseti yake juu ya kigoda, akatuita. Nyanya mkubwa alitoka kwake, nyanya mdogo akatoka kwake. Mjomba, ambaye alikuwa akivua samaki ziwani, Kisegi, na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, aliacha omena zake zikikauka kwenye gunia akaja kusimama karibu na babu. Nyanya mkubwa alikuwa soprano, mjomba alikuwa teno. Nyanya mdogo alikuwa alto, na mimi na binti ya mjomba tulipangwa nyuma yake kama vifaranga. Babu alikuwa besi.

Alikuwa besi wa kanisa la kilimani tangu ujana wake. Alipomwoa nyanya mdogo, wazee wa kanisa walimwita wakamwambia achague, amrudishe yule mwanamke kwao au avue joho la kwaya. Nyanya mkubwa alikuwa amesimama nje ya dirisha akisikiliza, na ndiye aliyenisimulia, tena zaidi ya mara moja, akiiga sauti ya babu.

"Nimrudishe na mimba ile? Mtoto yule ni wa nani?"

"Basi kwaya utatoka."

"Kwaya nitatoka. Lakini kuimba hamkunipa nyinyi."

Nilimuuliza nyanya mkubwa kama alifurahi, maana yeye ndiye aliyekuwa ameletewa mke mwenza. Alikuwa akitwanga njugu siku hiyo, akatwanga kidogo kabla ya kunijibu. "Nilikuwa nimemkasirikia babu yako hata sitaki kuona kivuli chake," alisema. "Lakini wazee walitoka nje wakaniambia mimi nibaki kwaya, mimi ni mke halali, sina hatia. Walivyonisemesha, ungedhani wananigawia sukari. Nikavua joho langu pia." Jina lake halikufutwa kanisani, na Krismasi na Pasaka alikwenda akaketi kama watu wengine. Kuimba tu ndiko alikokataa huko.

Kanda yenyewe babu aliachiwa na Mzungu mmoja aliyewahi kufundisha kwaya kilimani kisha akarudi kwao. Ilikuwa na nyimbo kadhaa, lakini sisi tulikuwa na mmoja tu, ambao tuliuita Ule Mrefu. Kwaya ya kwenye kanda ilikuwa ndogo, nadhani, maana ungeweza kusikia mtu mmoja mmoja akivuta pumzi. Besi ilianza peke yake, kwa noti fupi fupi, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Kabla haijafika ng'ambo, teno ikaingia nyuma yake kwa maneno yale yale, kisha alto, kisha soprano ikatokea juu kabisa, na sasa wote wanne wanakimbizana na hakuna anayemshika mwenzake. Huko kwenye kanda waliimba kwa lugha yao. Sisi tuliimba maneno ya Kijaluo yaliyotafsiriwa zamani, yaliyosema kwamba mlango uliofungwa umefunguliwa. Katikati wimbo uligeuka. Sauti zilishuka, zikawa za huzuni, zikaenda taratibu kama watu wasioona njia. Babu alipaita pale kichakani. Halafu soprano ilipanda ngazi moja, teno ikaifuata, na ghafla wote wakatoka kwenye jua wakikimbia tena. Kila tulipofika hapo babu alifumba macho.

Mwendo aliupiga kwa mwiko wa ugali kwenye ukingo wa benchi. Ulikuwa mwendo wa haraka. Ukichelewa, mwiko ulikungoja kwa kukutazama. "Huyu ni mtu anakwenda kumpokea mgeni langoni," alituambia. "Si mtu anarudi kutoka makaburini." Ufunguo nao hakukubali ushuke. Betri zikichoka, kanda ilianza kuvuta, sauti zikawa nzito, na babu aliizima hapo hapo. "Sasa inaimba ya kilimani," alisema, na betri zikaanikwa kwenye jiwe kando ya muhogo.

Ya kilimani tuliisikia, maana upepo uliileta. Kwaya ya kanisa iliimba Ule Mrefu pia, lakini mwalimu wao wa kwaya, ambaye ujanani aliimba bega kwa bega na babu, alikuwa amewafundisha kwamba vitu vitakatifu haviendi mbio. Ilishuka kwetu ikiwa imelala, soprano wakiugulia. Babu alisimama akavuka ua akiburuta miguu, mikono imening'inia, kuonyesha mtu aliyefunguliwa mlango kwa mwendo ule, na sisi watoto tulianguka chini kwa kicheko. Kisha alirudi kwenye benchi akaongeza sauti ya redio hadi mwisho. Waumini waliochelewa walisimama nje ya minyaa kusikiliza, wengine wakasahau walikokuwa wakienda.

Siku moja wazee wa kanisa walikuja kulalamika kwamba tunavuruga ibada.

"Nyinyi mko kilimani, mimi niko bondeni," babu aliwajibu. "Kama sauti yangu imepanda mpaka huko, imepanda kwa miguu yake yenyewe. Sikuituma."

Baada ya kuimba tulikula pamoja. Nyoyo kutoka kwa nyanya mkubwa, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi. Omena kutoka kwa nyanya mdogo, zilizokaangwa kwa kitunguu na nyanya mbivu hadi uani kote kunanukia. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena nasikia na alto.

Babu alianza kukohoa mvua ndefu zilipoanza. Mwanzoni alisema ni baridi. Alipoanza kukosa pumzi katikati ya noti, mjomba alimpeleka hospitali Homa Bay, na hatukumwona tena akiwa hai. Alirudi ndani ya sanduku, nyuma ya pikapu, tope limeruka hadi juu ya mbao. Nyanya mkubwa alitoka langoni akipiga mayowe, na nyanya mdogo alikaa chini mlangoni kwake, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

Alasiri ya kuamkia mazishi, wazee wa kanisa walikuja. Walikuja kwa heshima, kofia mkononi. Waliletewa viti mbele ya nyumba ya nyanya mkubwa, karibu na mahali vijana walipokuwa wakichimba kaburi. Nilikuwa hapo nikimenya viazi pamoja na wanawake wengine. Nyanya mdogo aliinama kando ya jiwe akisugua sufuria kwa majivu.

"Mikayi," alisema mkubwa wa wazee, akitumia jina la heshima la mke wa kwanza, "wewe ni mke halali. Hatutaki umzike mume wako kimya kama mtu asiye na watu. Mchungaji atakuja. Kwaya yote itakuja, na majoho. Tunaomba jambo moja tu. Huyu mwenzako, kesho abaki ndani ya nyumba yake mpaka kaburi lifunikwe."

Mikono ya nyanya mdogo ilisimama juu ya sufuria. Hakuinua kichwa.

Nilimtazama nyanya mkubwa. Nilijua jinsi alivyotamani mume wake azikwe kwa majoho, maana nilimsikia akilia kwa ajili ya hilo. Nilijua pia jinsi alivyomchukia yule mwanamke siku ambazo hazikuwa Jumapili. Alivuta na kulainisha ncha ya leso yake magotini.

"Kwaya yote?" aliuliza.

"Yote, mama."

"Na wimbo wake watauimba?"

"Watauimba, kwa unyenyekevu unaofaa."

"Polepole."

"Ni mazishi, mama."

Nyanya mkubwa alifunga leso kiunoni. "Sasa huyu akibaki ndani," alisema, "alto nitaitoa wapi?"

Mzee hakuelewa. "Kwaya ina alto wengi, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Hao si wangu. Alto yangu ni yule anayesugua sufuria. Rudini na majoho yenu."

Walisimama. Mkubwa wao alisema, si kwa ukali, kwamba basi hakuna mwanakwaya atakayeruhusiwa kufungua kinywa katika boma hili, na atakayefungua atatengwa. Nyanya mkubwa aliwasindikiza mpaka langoni kama mtu anayesindikiza wageni wa kawaida. Aliporudi, nyanya mdogo alikuwa amesimama katikati ya ua, majivu hadi viwikoni.

"Nyieka," alisema. Hilo ndilo neno la kumwita mke mwenza, na sikuwa nimewahi kumsikia akilitumia kwa upole. "Nimekushukuru."

"Usinishukuru. Kuku wako bado anakula mtama wangu."

Siku ya mazishi boma lilijaa. Mchungaji hakuja. Mzee mmoja wa ukoo aliomba, watu wakasema waliyokuwa nayo ya kusema kuhusu marehemu, kisha sanduku likasogezwa kando ya kaburi na nyanya mkubwa akatuita. Tulijipanga kama Jumapili. Pale aliposimama babu kila mara palikuwa wazi, na hakuna aliyepaziba.

Nyanya mkubwa alitoa ufunguo kwa kuvumisha noti ya do midomo ikiwa imefungwa. Mjomba akamnong'oneza, "Mama, hiyo iko juu sana."

"Iko pale alipoiweka yeye."

Halafu tukakumbuka, sote kwa pamoja, kwamba Ule Mrefu unaanzwa na besi.

Watu walianza kutazamana. Nyanya mdogo akatoka mbele yangu, akaenda kusimama mahali pa babu, akapanua miguu kama alivyosimama yeye, na kwa sauti ile iliyowafanya watu wamdhanie mwanamume akaanza: noti fupi fupi, mawe ya kijito, kwa mwendo wa haraka. Mjomba akaingia. Nikageuka kumtazama binti ya mjomba, naye alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu aliyefuata alikuwa alto, na alto sasa ilikuwa sisi wawili.

Sijui niliitoa wapi sauti. Nilifungua kinywa ikatoka, ikiwa nyembamba na ya kuogopa, halafu nikasikia nyanya mkubwa akipanda juu yangu na nikajua nikisimama ataanguka. Sikusimama. Bibi mmoja mzee wa ukoo alisema kwa sauti, "Ala! Hawa wanacheza?" Mwingine akamnyamazisha. Nje ya ua wanakwaya wa kilimani walikuwa wamesimama na majoho yao, maana walikuwa wameambiwa wasiimbe, hawakuambiwa wasije, na mwalimu wao wa kwaya alikuwa langoni ameshika kofia.

Tulipoingia kichakani, pale pa huzuni, sauti ya nyanya mkubwa ilikatika. Ilikatika kabisa. Nyanya mdogo akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, bila kuiacha besi, akamshikilia hivyo noti baada ya noti. Na hapo ndipo nilipoona wanawake wa kwaya ya kanisa, wawili, kisha wengine, wakivua majoho, wakiyatundika juu ya minyaa na kupita langoni. Waliingia wakiimba soprano. Mwendo haukuwa wao, wakajikwaa, lakini walikimbia. Walimbeba nyanya mkubwa mpaka sauti yake ikarudi, na tulipotoka kichakani tulitoka tukiwa wengi, ukoo mzima ukapiga vigelegele kwenye mazishi ya mtu ambaye kanisa lilisema azikwe kimya.

Mwalimu wa kwaya hakuingia. Alibaki langoni mpaka mwisho, na alipoondoka aliniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu naye nikikusanya vikombe, "Tangu babu yako atoke sikupata tena besi wa kukimbia hivyo. Ndiyo maana tuliupunguza mwendo." Miaka yote ile aliita jambo hilo utakatifu.

Wale wanawake walitengwa kweli. Waliwekwa benchi la mwisho kanisani na kukatazwa majoho, na nikaambiwa kwamba kutoka benchi lile la mwisho waliimba kwa nguvu hadi kwaya ya mbele ikawa inawafuata wao.

Usidhani baada ya hapo nyanya zangu walikuwa marafiki. Waligombania mtama ule ule na kuku wa kizazi kingine. Lakini nyanya mkubwa alipofariki, mimi tayari nikiwa mtu mzima na duka langu la vitambaa hapa Migori, nilishuka nyumbani nikamkuta nyanya mdogo ameketi kando ya sanduku, hakubali kuondoka. Kilimani kulikuwa na mchungaji mpya, na alikuja mwenyewe kusema ya zamani yamepita, nyanya mkubwa atazikwa na kwaya yote. Wakaja. Wakasimama safi katika majoho, wakaanza Ule Mrefu jinsi wanavyoujua, chini na polepole.

Nyanya mdogo aliinua fimbo yake. "Acheni," alisema, na kwa sauti ile hakuna ambaye hakuacha. "Huyu hakuburutwa na mtu akiwa hai. Hamtamburuta leo. Anzeni tena, na mpandishe."

Kijana aliyekuwa akiwaongoza alimtazama mchungaji. Mchungaji alitazama chini. Nyanya mdogo akaanza kupiga mwendo kwa kiganja chake juu ya sanduku, haraka, bila kuwangoja, na kwaya nzima ya kanisa lililomkataa ikabidi imkimbilie kikongwe mmoja nyuma. Nusu yao walipotea njiani. Vijana wengine walianza kucheka wakashindwa kujizuia, lakini walifika mwisho, na yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake.

Naye sasa hayupo. Mjomba alihamia upande wa Tanzania, binti yake aliolewa mbali, na nyumba zote mbili zimeanguka. Mara ya mwisho nilipopita, mtu alikuwa amelima alizeti hadi kwenye jiwe la muhogo. Kanda ililiwa na redio muda mrefu uliopita. Kati ya wale wote waliosimama karibu na lile benchi nimebaki huku mimi, na mimi nilipewa alto, sauti ambayo ikiwa peke yake haina kichwa wala miguu. Huingia ghafla, hupanda kidogo, hukaa pale pale, husubiri watu ambao hawaji, kisha hukimbia bila sababu. Majirani wanaonisikia nikifua nguo Jumapili asubuhi wameniuliza ni wimbo gani huo usioeleweka. Nawaambia ni Ule Mrefu. Wanaponiuliza kwa nini nauimba mbio hivyo, najaza maji mengine kwenye karai, na kuuanza tena palepale alto inapoingilia, kwa mwendo ule ule.